Kuhifadhi Joto la Hema la Miche Katika Chumba cha Baridi

Mazungumzo ya huduma za ugani kwa wakazi wa kata, msimu wa kipupwe



Mji wa Njombe umekaa kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo, huko Makete, hupita mita 2,600. Katika miezi ya Juni na Julai hewa ya usiku huwa nzito kwa ubaridi, nayo huteremka mabondeni na kutuama huko kama maji. Ndiyo maana jalidi huonekana kwanza vinyunguni, mahali pale pale ambapo mkulima anataka kupanda nyanya zake. Mwenye kinyungu anayetaka kuhamishia miche shambani mwezi Agosti hana budi kusia mbegu wiki nne hadi sita kabla, yaani katikati ya baridi kali. Kwa sababu hiyo baadhi ya kaya huingiza kitalu ndani ya nyumba: fremu ya miti au ya mabomba, karatasi ya nailoni juu yake, na trei za miche ndani. Hilo ndilo hema linalozungumzwa hapa.

Hema peke yake halileti joto. Karatasi ya nailoni huzuia upepo na kutunza unyevu, lakini chumba kisicho na dari, chenye sakafu ya saruji na ukuta unaotazama kusini, kinaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake alfajiri, na hema lililomo hufuata nyuma kwa mwendo mfupi. Mbegu ya nyanya huota vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 20 na 30. Udongo ukikaa kwenye nyuzi 10, mbegu hulala humo wiki kwa wiki na mara nyingi huoza kabla ya kuchipua. Pilipili hoho hutaka joto zaidi ya nyanya. Kabichi, kwa upande wake, huota hata katika udongo wa baridi, na kuipa nafasi ndani ya hema ni kumnyima mwenye haja na kumpa asiyehitaji.

Katika hali hiyo mtu hufikiria jiko la mkaa. Ni wazo linaloeleweka, kwa kuwa jiko lipo, mkaa upo, na chumba hupata joto katika muda mfupi. Wengine huliweka karibu na hema jioni, hufunga mlango na dirisha ili joto lisipotee, kisha hulala chumba hicho hicho au cha jirani. Hapo ndipo kitalu cha nyanya kinapoweza kugeuka msiba.

Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mkaa uliokwisha kushika moto vizuri, mwekundu na usio na moshi, ambao watu wengi huuona kuwa salama, huendelea kuitoa usiku kucha. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikakosa nafasi ya kubeba hewa ya uhai. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na aliyelala huenda asizisikie kabisa. Kuacha ufa chini ya mlango si kinga. Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko, kama baadhi ya wazee walivyoshauri, hakupunguzi sumu hata kidogo. Hupunguza ukavu wa hewa tu. Anayekutwa amelegea katika chumba chenye jiko atolewe nje kwenye hewa safi mara moja, na apelekwe kituo cha afya hata kama amezinduka. Anayeingia kumtoa afungue mlango na dirisha kwanza, wala asikawie humo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa simu namba 114.

Kuna jambo ambalo wenye miche wengi hawalijui, na huenda likawashawishi pale ambapo onyo la afya limezoeleka masikioni. Moto wa mkaa na wa kuni hutoa pia gesi ya ethilini, na mnyanya ni miongoni mwa mimea inayoathirika nayo upesi sana. Kiasi kidogo tu hukunja majani yake kuelekea chini, kama yaliyokosa maji, na mche hudumaa. Mkulima huona majani yamelegea, akaongeza maji. Maji yakileta kuoza, akanunua dawa. Kumbe aliyeudhuru mche ni jiko lililowekwa ili kuulinda.

Joto la hema, basi, litoke wapi? Jibu la kwanza ni kwamba kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, iwapo kilichopo hakitapotea. Hema liwe dogo kadiri trei zinavyoruhusu. Hema refu la kimo cha mtu hupasha joto hewa iliyo juu, ilhali miche iko chini. Halafu liinuliwe kutoka sakafuni. Saruji hunyonya joto usiku kucha bila kushiba, na trei iliyowekwa juu yake huwa na udongo wa baridi hata pale hewa ya hema ikiwa na uvuguvugu. Kichanja cha urefu wa goti hutosha, na chini ya trei viwekwe viroba vya maranda makavu, ambayo katika maeneo yenye viwanda vya mbao hupatikana kwa urahisi. Maboksi yaliyokunjuliwa na mabua makavu hufanya kazi hiyo hiyo. Hema lisiguse ukuta wa nje. Nafasi ya kiganja hutosha.

Karatasi ya pili ya nailoni, ikiachwa umbali wa vidole viwili au vitatu kutoka ile ya kwanza, hupunguza upotevu wa joto karibu kwa nusu, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati haipitishi joto kwa urahisi. Karatasi mbili zilizogandana hazifanyi hivyo. Jioni, jua likishaondoka, blanketi kuukuu au magunia yafunikwe juu ya yote, na asubuhi yaondolewe.

Baada ya hapo ndipo chanzo cha joto kitafutwe, na kilicho bora kwa kaya nyingi ni maji. Dumu la lita 20 lililojazwa maji ya nyuzi 60, likipoa hadi nyuzi 20, hutoa joto linalokaribia uniti moja ya umeme, na hulitoa polepole, saa baada ya saa. Maji hayo yanaweza kupashwa kwenye mafiga ya jikoni wakati chakula cha jioni kinapikwa, hivyo kuni hazitumiki mara mbili. Madumu mawili ya lita 10 ni bora kuliko moja la 20, kwa sababu hubebeka bila kuumiza mgongo, na huweza kuwekwa chini ya kichanja, moja kila upande, ili joto lipande kwenye udongo wa trei. Mche husamehe hewa ya baridi kiasi. Mizizi ndiyo isiyosamehe. Maji yanayochemka yasimiminwe katika dumu la plastiki, kwani hulegea na kupasuka, na mtoto akiwa karibu ni hatari. Kizibo kikazwe. Siku za jua, madumu yaliyopakwa rangi nyeusi na kuanikwa uani hupata uvuguvugu bure, ingawa katika wiki za ukungu mfululizo njia hiyo haitegemeki.

Wenye umeme hutumia balbu. Balbu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60, hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, na ikiwaka saa 10 hutumia uniti 0.6. Taa za kisasa za wati 9 ni nzuri kwa mwanga, lakini kwa joto ni kama hazipo. Balbu ya moto ining'inizwe kwa waya wa chuma na si kwa waya wake wa umeme, iwe mbali na nailoni, blanketi na maranda kwa sentimita 30 au zaidi, na soketi iwe nje ya hema, juu ya kimo cha maji. Ndani ya hema ni mahali pa unyevu; waya uliochubuka hapo hauna msamaha. Kuunganisha umeme kifundi chumba kwa chumba, bila fundi mwenye leseni, ni kuhamisha hatari kutoka kwenye jiko kwenda ukutani.

Kipimajoto kidogo kiwekwe usawa wa trei, wala si juu ya hema, na kisomwe saa 11 alfajiri, ambapo baridi hufika kilele chake. Namba ya saa hiyo ndiyo inayosema kweli. Ikiwa ni nyuzi 15 au zaidi, miche iliyokwisha ota haina shida. Ikiwa ni chini ya 10 kwa siku mbili mfululizo, dumu liongezwe au hema lipunguzwe.

Kosa la upande wa pili ni kufunga hema mchana na usiku. Joto, unyevu na hewa iliyosimama huleta kinyausi, na asubuhi moja miche hukutwa imelala chini, shina limekatika usawa wa udongo. Hema lifunguliwe kila siku kuanzia saa 4 asubuhi. Maji ya kumwagilia yasiwe yale ya bomba yaliyolala nje. Yakae ndani kwanza, na umwagiliaji ufanyike asubuhi ili uso wa udongo ukauke kabla ya giza. Mara mbegu zikiota, trei zitolewe nje kwenye jua mchana na kurudishwa saa 10 jioni, la sivyo miche itarefuka kama nyuzi ikitafuta mwanga wa dirisha.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamishia kinyunguni, madumu yapunguzwe moja moja, kisha trei zilale kibarazani, mradi hakuna dalili ya jalidi. Maafisa ugani wa kata hupita kukagua vitalu vya nyumbani kaya inapoomba, na maombi hayo hupokelewa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mwenye kuomba ataje kama chumba chenye hema hulalwa na watu, kwa kuwa hicho ndicho kitakachoangaliwa kabla ya miche.