Sayari ya wakulima na meli ya wachimba madini

(Mazungumzo ya wiki kama yalivyotangazwa redioni)

Msikilizaji mpenzi, wiki hii nakualika tuache kidogo habari za bei ya pamba na maduara ya dhahabu, twende mbali, kwenye sayari iitwayo Uxarieus. Usiogope safari. Ukifika huko utakuta mambo ambayo mtu wa Geita, Kahama au Nzega hahitaji mkalimani kuyaelewa.

Uxarieus ni sayari ya kubuni. Imo katika Doctor Who, mchezo wa televisheni wa Waingereza ambao BBC ilianza kuuonyesha tarehe 23 Novemba 1963, ukasimama mwaka 1989 na kurudi tena mwaka 2005. Mhusika mkuu ni Daktari, kiumbe mwenye umbo la mtu, anayesafiri katika wakati na anga ndani ya chombo chenye sura ya kibanda cha polisi. Hadithi za zamani za mchezo huu zilikatwa vipande, kila wiki kimoja, na mtazamaji alisubiri siku saba kujua kama shujaa amepona.

Hadithi ninayoizungumzia inaitwa Colony in Space, nasi tungeweza kuiita Makazi Mapya Angani. Ina sehemu sita, kila moja ya dakika zipatazo 25, na ilionyeshwa Uingereza kuanzia Aprili 10 hadi Mei 15, 1971. Wakati huo Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walianza mwaka 1973, na sisi wa Bara tukasubiri hadi mwaka 1994. Ndiyo maana wengi wetu hatukuiona. Mwaka 2011 ilitolewa kwenye DVD, na mwenye subira anaweza kuitazama yote kwa jioni moja.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2472 dunia imejaa watu na imechafuka. Kundi la watu limeuza kila lilichokuwa nacho, likapanda meli chakavu na kwenda kulima kwenye sayari ya mbali. Kiongozi wao ni mzee Ashe, mtu wa busara na mpole kupita kiasi. Udongo unawakatalia. Wanapanda, mimea inachipua, kisha inanyauka, na hakuna ajuaye kwa nini. Juu ya taabu hiyo yanatokea majoka makubwa usiku na kuua watu majumbani mwao.

Ndipo inapotua meli ya kampuni ya madini, IMC. Kapteni wake, Dent, anasema sayari hii imetengwa kwa uchimbaji, na karatasi anazo. Wakulima nao wanasema sayari imetengwa kwa kilimo, na karatasi wanazo. Kampuni inataka madini yaitwayo duralinium, ya kujengea nyumba za watu waliosongamana duniani. Zingatia hapo, msikilizaji. Kampuni haisemi imekuja kutafuta faida, inasema imekuja kwa manufaa ya umma.

Daktari anapochunguza anagundua kwamba majoka hayapo. Ni roboti ya kampuni iliyovalishwa makucha ya bandia, inayotumwa kuua na kutisha ili wakulima wafungashe virago wenyewe. Tena kampuni imepenyeza mtu wake ndani ya kijiji, akijifanya mnusurika wa makazi mengine yaliyoangamizwa. Mtu huyo anamuua fundi umeme wa kijiji, kisha anamsingizia mmoja wa wenyeji wa sayari.

Pande zote mbili zinakubaliana aitwe mwamuzi kutoka duniani. Mwamuzi anafika na mavazi rasmi, mhuri na hati zilizonyooka. Anasikiliza kwa makini, anauliza maswali ya kisheria, kisha anaamua kampuni ipewe sayari. Kumbe huyo si mwamuzi. Ni Master, hasimu wa Daktari tangu zamani, aliyeghushi hati kwa sababu anatafuta silaha ya kutisha iliyofichwa chini ya sayari hiyo. Wakulima hawamtaki wala kampuni haimjali. Na Daktari, anayemjua vizuri, hawezi kumkana mbele ya watu kwa sababu yeye mwenyewe hana kitambulisho.

Mwandishi wa hadithi hii, Malcolm Hulke, alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na hakuficha upande aliouonea huruma. Lakini hakuwafanya watu wote wa kampuni kuwa mashetani. Yumo mhandisi mmoja, Caldwell, mtaalamu wa kweli wa miamba, ambaye alikuja kufanya kazi yake apate mshahara. Anapojua kwamba mkubwa wake yuko tayari kuwapakia wakulima katika meli yao mbovu huku akijua itawalipukia, anakataa kuwa sehemu ya jambo hilo. Sisi tunaokaa karibu na migodi tunawajua akina Caldwell. Ni jirani zetu, tunasali nao na kunywa nao chai, na mara nyingi hatujui usiku wanabishana nini na nafsi zao.

Kasoro zipo. Sehemu ya nne na ya tano zinarudiarudia watu kutekwa, kutoroka na kutekwa tena, hadi mtu anatamani kwenda kukaanga samaki. Roboti ile ingechekesha kibanda chochote cha video mjini Mwanza. Sayari yenyewe ni shimo la zamani la udongo wa kaolini huko Cornwall, Uingereza, lenye matope na baridi ya Februari. Hapo lakini sicheki. Walipotafuta mahali panapofanana na dunia isiyo na mwenyewe, walikwenda kwenye machimbo.

Kasoro kubwa ni nyingine. Sayari ile ina wenyeji. Wana ngozi ya kijani, wanashika mikuki, hawasemi neno, na wakulima huwapa chakula ili wawafanyie kazi. Wakulima na kampuni wanagombea ardhi mbele ya mwamuzi, na hakuna hata mmoja anayeuliza wenyeji wanasemaje. Hata Daktari mwenye huruma hashauri waitwe barazani. Na mwisho tunaambiwa mababu zao ndio waliojenga ile silaha, na mionzi yake ndiyo iliyoua udongo. Yaani jibu la swali lililowatesa wakulima muda wote lilikuwa kwa watu waliowadharau.

Hapa kwetu, kabla ya kampuni yoyote kutia mguu, Walongo walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe katika nchi hii ya Geita. Waliyajua mawe kabla ya ramani ya Mjerumani. Mgodi wa kwanza mkubwa wa Geita ulianza miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Hadithi hii ilipoonyeshwa, shimo letu lilikuwa limenyamaza miaka mitano. Kisha ikaja Sheria ya Madini ya mwaka 1998, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Huko Bulyanhulu wachimbaji wadogo walikuwa wameondolewa mwaka 1996, na yaliyotokea siku zile yangali yakibishaniwa.

Sisemi migodi yetu ni IMC. Mgodi umeleta barabara, ajira na kodi, na anayekana hilo hasemi kweli. Ninachosema ni kwamba mtu wa kumwangalia sana katika hadithi hii ni yule mwamuzi.

Kwetu mwamuzi huja kwa sura ya mthamini, mwenye faili, kalamu na kamera, anayehesabu migomba, miembe na vyumba vya nyumba. Wengi wao ni watu waaminifu. Lakini sheria haikutaka tuwaamini kwa sura. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zinataka uthamini ufanywe na mthamini mwenye sifa, na hesabu zithibitishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Mkulima ana haki ya kuuliza: nani amekutuma, una sifa gani, na nakala ya ulichoandika iko wapi? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Mzee Ashe aliona aibu kuuliza, akaipokea hukumu ya tapeli kwa heshima zote.

Mwisho wa hadithi silaha inaharibiwa na mlinzi wake mwenyewe. Ashe anairusha meli mbovu akiwa peke yake ili kampuni idhani wakulima wote wamo ndani, nayo inalipuka angani. Watu wake wanapona, na Caldwell anabaki kuishi nao. Ni mwisho wa kuhuzunisha na wa heshima. Lakini nilipozima mashine niliwaza kwamba mzee yule asingelazimika kufa kama siku ile ya baraza mtu mmoja wa kijiji angenyanyua mkono na kusema, mheshimiwa, hebu kwanza tuhakikishe hati zako kwa aliyekutuma.

Kwa wiki hii naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo, saa na mawimbi ni yale yale. Kwaherini.