Na Wale Wengineo

(Mazungumzo na wakazi wa Kilimani kuhusu wafanyakazi wa mashirika ya sanaa. Salamu za itifaki zimefupishwa.)



Nianze kwa kuungama. Sehemu ya kazi yangu ni kupiga picha na kuandika maelezo mafupi chini yake. Majuzi nilirudia picha nilizopiga miaka iliyopita kwenye hafla za sanaa hapa jijini. Mgeni wa heshima nimemtaja kwa jina na cheo. Msanii nimemtaja. Halafu pembeni kuna mtu ameshika faili, au anavuta waya wa kipaza sauti, mara nyingi nusu ya uso imekatwa. Huyo nimemwandika "na wengineo". Leo nimekuja kuwazungumzia hao wengineo, kwa sababu pesa zenu zinahusika.

Tuanze na jirani. Wengi wenu mmepita Likoni Close bila kujua kwamba kuna mahali panapoitwa Kuona. Shirika hilo lilianza mwaka 1995 katika uwanja wa Makavazi ya Kitaifa. Kituo cha sanaa cha GoDown kilipofunguliwa mwaka 2003 Dunga Road, Eneo la Viwandani, Kuona ikahamia huko, na baadaye ikaja huku kwetu. Ukiingia unakuta nyumba, uwanja, na makontena yaliyogeuzwa kuwa studio za kuchorea na kuchongea. Ile sanamu ya Dedan Kimathi katikati ya jiji, ambayo kila mgeni wa Nairobi hupiga picha kando yake, ilizinduliwa mwaka 2007. Aliyeichonga, Kevin Oduor, ni mmoja wa wasanii waliofanya kazi Kuona. Cyrus Kabiru, yule anayetengeneza miwani kwa vyuma na vitu vilivyotupwa, naye amepitia hapo.

Hayo majina mnayajua, au sasa mnayajua. Lakini kontena halijifungui lenyewe. Lazima awepo mtu wa kuweka orodha ya nani anatumia studio gani na nani hajalipa. Yupo anayenunua tokeni za umeme kabla mashine ya kuchomelea haijazimika. Yupo anayemwandikia mfadhili maombi ya kurasa arobaini, kisha mwaka ukiisha anatafuta risiti za rangi na misumari ili ripoti ikubalike. Picha ikialikwa kwenye maonyesho ng'ambo, yeye ndiye anayehangaika na hati za forodha na bima. Mlinzi naye anajua, bila kuandikiwa, ni vyuma vipi vilivyorundikwa uwanjani ni taka na vipi ni kazi ya mtu ya miezi sita. Msidharau ujuzi huo.

Mnamo mwaka 2017 hivi, muundo wa zamani wa Kuona kama shirika la amana ulifika mwisho. Wasanii hawakutoka. Walijipanga wakawa kundi, wakauchukua usimamizi mikononi mwao, na mahali hapo pakaendelea. Mimi nawavulia kofia. Hata hivyo tusiipambe habari hiyo kupita kiasi. Msanii anapokaa kikao cha saa tatu kuhusu bili ya maji na kodi ya nyumba, saa hizo hachori. Na ninyi wakazi wa Kilimani hamhitaji kuelezwa na mimi jinsi nyumba za zamani zenye uwanja zinavyobomolewa kila mwezi kupisha ghorofa. Anayeshughulikia mkataba wa ploti mtaani humu ana mzigo mzito kuliko brashi.

Kuna jambo nililichelewa kuliona. Wafanyakazi hawa wanapoondoka mahali, hawaondoki na ujuzi wakaufukia. Rob Burnet, aliyeanzisha Kuona, baadaye alianzisha kampuni inayotoa Shujaaz, katuni ambazo vijana wenu wamezisoma. Danda Jaroljmek, aliyekuwa mkurugenzi wa Kuona, alikwenda kuanzisha Circle Art, ambayo imewauzia wasanii wa Afrika Mashariki kazi zao mnadani. Joy Mboya wa GoDown alisomea usanifu wa majengo na aliimba katika kundi la Musikly Speaking kabla ya kuwa msimamizi.

Angela Wachuka naye aliongoza shirika la uchapishaji la Kwani, kisha yeye na mwandishi Wanjiru Koinange wakaanzisha Book Bunk mwaka 2017. Hapo ndipo habari hii inapoingia katika ofisi za kaunti. Maktaba ya McMillan, pale Banda Street, ilifunguliwa mwaka 1931 na ni mali ya umma chini ya kaunti, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kaunti ilikubaliana na Book Bunk kuyakarabati. Majengo ya Kaloleni na Makadara yamekwisha kufunguliwa upya. Nendeni mkaone. Mtasifu rangi na rafu, ni haki yenu. Mimi ningewaomba pia mmtafute anayepanga ratiba ya watoto wa Jumamosi, kwa kuwa bila yeye rafu hizo zingekuwa na vumbi tena ndani ya mwaka.

Sasa kuhusu pesa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, maktaba na vituo vyake. Kila mwaka taarifa ya mkakati wa fedha hufikishwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Sheria inawapa ninyi nafasi ya kutoa maoni. Nimehudhuria vikao vingi vya maoni nikiwa na kamera. Wananchi huomba ukumbi. Huomba ukumbi uwe na jukwaa, paa jipya, choo. Sikumbuki hata mara moja mtu akiuliza: nani atakuwa na ufunguo, ameajiriwa kwa mkataba wa muda gani, na mshahara wake umeandikwa ukurasa upi? Ukumbi usio na msimamizi mnaujua unavyoishia. Viti vya plastiki na kufuli yenye kutu.

Kwa hiyo mkija kikao kijacho, msije na mchoro wa jengo peke yake. Njooni pia na maelezo ya kazi: msimamizi mmoja, mhasibu wa nusu siku, mlinzi, fundi wa taa na sauti. Muulize mmoja wa majirani zetu wa Likoni Close akusaidie kuandika. Wanajua gharama halisi kuliko sisi wa ofisini.

Na zile picha nimeanza kuzirekebisha. Nimepata majina kumi na moja mpaka sasa, kwa kupiga simu. Mama pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja bajeti. Karibu, mama, uliza.