JINA LAKO LIMO?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi mjini Migori, baada ya swala ya Alasiri, ndani ya mwezi wa Ramadhani)



Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu vijana, dada zetu, wazee wetu, na akina mama mliotoka Isebania, Awendo na Rongo, na nyinyi wageni wetu wa Homa Bay, Mbita na Oyugis: karibuni sana. Nimepewa dakika ishirini, na magharibi haiko mbali, kwa hivyo sitawachosha. Nimeombwa nizungumzie daftari la wapiga kura. Najua wako wanaonong'onezana, "Ramadhani na mambo ya kura wapi na wapi?" Haya, tuanze na hilo.

DINI YETU NA KUANDIKA

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandikishana deni na kuweka mashahidi. Yaani haki ya mtu isiachiwe kumbukumbu ya vichwa tu, iandikwe. Na Sayyidna Umar (R.A.), wakati wa ukhalifa wake, ndiye aliyeanzisha diwani, daftari la majina ya watu na mafungu yao kutoka hazina ya Waislamu. Jina likishaandikwa, mtu alikuwa na cha kudai.

Sasa na hili daftari la kura ni hivyo hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 38, inampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura bila vikwazo visivyo na maana. Na kifungu cha 83 kinasema mipango ya uandikishaji iwe ya kumrahisishia raia, isiwe ya kumnyima. Maneno mazuri sana. Lakini siku ya kura karani haulizi Katiba inasemaje. Anauliza, jina lako limo?

KISA CHA MAMA YANGU

Niwape kisa cha nyumbani kwetu, na lawama ni yangu mwenyewe. Mama yangu alikuwa mwanika omena kule Sori, ufukweni. Mwisho wa mwaka 2012, wakati Tume ilipoandikisha watu upya kwa mashine za alama za vidole, yeye alikuwa Oyugis kwa dada yangu aliyekuwa amejifungua. Makarani wakapita pale, naye akajiandikisha. Arobaini ilipokwisha akarudi kwake. Uchaguzi wa 2013 ulimkuta mgonjwa, hakwenda.

Tarehe 8 Agosti 2017 aliamka kabla ya alfajiri, akaswali, akajifunga leso yake, akaenda kupanga foleni. Jua likampanda kichwani. Alipofika mbele, akaweka kidole, mashine ikakataa. Wakajaribu kingine, ikakataa. Wakaingiza namba ya kipande, hakuna. Karani, kijana mwenye adabu tu, akamwambia, "Mama, kwa kituo hiki haupo." Mama akarudi nyumbani akaniuliza swali moja: "Kwani mimi nimekufa?"

Jioni ile ndipo nilipotuma ujumbe mfupi kwa simu, namba ya kipande chake na mwaka wa kuzaliwa. Haikuchukua dakika moja. Jibu likaja: kituo chake kiko Oyugis. Dakika moja, ndugu zangu! Na mimi ndiye msomi wa nyumba. Nilikuwa nimekagua jina langu, la mama sikulikagua.

Nikamwahidi kuwa nitampeleka ofisi ya Tume ahamishe kituo. Leo, kesho, mwaka ukapita. Uchaguzi wa 2022 ulipokaribia, muda wa kuhamisha ulikuwa umefungwa. Hakupiga kura tena. Mwaka 2023 akatutangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.

DAFTARI LINA HISTORIA

Vijana wengine hapa mlikuwa wachanga mwaka 2007, wengine hamjazaliwa. Baada ya uchaguzi ule nchi iliungua, na sisi watu wa pande hizi tulipokea jamaa zetu waliofukuzwa Naivasha na Nakuru, wengine hata kipande kimeteketea ndani ya nyumba. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, ilitoa ripoti Septemba 2008. Iligundua nini? Kwamba katika daftari la watu milioni 14 na ushei, takriban milioni 1.2 walikuwa marehemu, huku wanawake na vijana wengi walio hai hawamo. Wafu wamo, walio hai hawamo!

Daftari lile likatupwa. Likaandikwa jipya mwaka 2010, na jingine la alama za vidole mwaka 2012, likiwa na watu milioni 14.3. Mwaka 2017 likafika milioni 19.6, na mwaka 2022 milioni 22.1. Katika hao wa 2022, Homa Bay ilikuwa na zaidi ya 550,000 na Migori takriban 469,000.

Lakini msifurahi upesi. Mwisho wa mwaka 2021 Tume ililenga kuandikisha watu wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja, ikapata takriban milioni 1.5. Na mwaka 2022, ingawa daftari zima lilikua, vijana wa chini ya miaka 35 walipungua kuliko 2017. Vijana walizaliwa, wakakua, wakachukua simu na boda boda, lakini daftarini hawakuingia.

MASHINE INAJUA ULICHOIAMBIA

Si Kenya peke yake. Kule Marekani, baada ya mtafaruku wa Florida mwaka 2000, ilipitishwa sheria mwaka 2002 ya kutaka kila jimbo liwe na daftari moja la kompyuta badala ya kila wilaya kuwa na lake. Na katika mtafaruku ule ule wa Florida kulikuwa na raia waliofutwa kwa sababu tu majina yao yalifanana na ya watu waliofungwa kwa uhalifu. Fundisho ni nini? Kompyuta haina ujanja. Ukiingiza kosa, italitunza vizuri sana.

Sasa tuangalie majina yetu. Mtu mmoja, cheti cha kuzaliwa Mohamed, shuleni Muhammad, kwa chifu Mahamed. Dada ni Khadija, ameandikwa Hadija. Na ndugu zetu wa Homa Bay mliosilimu ukubwani, mashaallah, leo unaitwa Bilal, lakini kipande kinasema Otieno. Basi kwenye daftari wewe ni Otieno, mpaka ubadilishe kipande kwa njia ya sheria. Usije ukasimama kituoni ukagombana na karani kwamba Bilal hayumo.

KIPANDE NDIYO MLANGO

Huwezi kuandikishwa bila kipande au pasipoti halali. Na hapa ndipo penye kilio chetu. Kwa miaka mingi mtoto wa Kiislamu mwenye jina la Abdi au Hussein, na hasa sisi tulio karibu na mpaka, alikuwa akiambiwa alete na cha babu yake. Ndugu zetu Wanubi walipeleka kilio chao mpaka kwenye vyombo vya haki vya Umoja wa Afrika, na mwaka 2011 kamati ya haki za watoto ikaamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya haki za binadamu nayo ikaamua kwamba kuwahoji Wanubi kwa namna ile kabla ya kuwapa vipande ni ubaguzi. Jamii ya Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi walioishi Kenya miaka na mikaka, walitambuliwa rasmi kuwa raia mwaka 2023 tu. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa ule uchunguzi wa ziada kwa wanaoomba vipande katika sehemu za mpakani.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba milango hii ilifunguliwa na watu waliosimama wakadai. Ukirudishwa ofisini bila sababu, omba sababu kwa maandishi. Usitoe hongo ukasema ni chai. Ukitoa wewe, wa nyuma yako naye ataitishwa.

Na kuna ndugu zetu wa visiwani, Remba, Ringiti na Mfangano. Mvuvi anafuata samaki, leo yuko Remba, kesho Muhuru Bay. Kura lakini haifuati samaki, inabaki ulipoandikisha. Na vidole vilivyovuta nyavu miaka ishirini, au vilivyokata miwa ya Awendo, mara nyingine mashine haivisomi. Hiyo si mwisho wa haki yako. Karani anatakiwa akutafute kwa namba ya kipande. Mwaka 2022, katika sehemu za Kakamega na Makueni vifaa vilipogoma, ilibidi daftari la karatasi litumike. Kwa hivyo usiondoke kwa hasira. Tulia, uliza, muite msimamizi wa kituo.

WAKO WATAKAOSEMA HAINA FAIDA

Nawasikia. "Ustadhi, tarehe 26 Oktoba 2017 tulikuwa daftarini, na sehemu kubwa ya Migori na Homa Bay kura haikupigwa." Kweli. Sitaki kuingia katika nani alikuwa na haki siku ile, humu ndani tuna rai tofauti na sote ni ndugu. Lakini kujiandikisha si kumkubali fulani. Hata yule anayetaka kususia, susio lake lina uzito kama jina lake limo. Asiyekuwamo hakususia, hayupo tu.

TUFANYE NINI

Kwanza, aliyetimiza miaka 18 aende kwa chifu akaanze safari ya kipande, asingoje msimu wa kampeni.

Pili, mwenye kipande aende ofisi ya Tume ya eneo bunge lake. Uandikishaji kisheria ni wa wakati wote, ila husimama uchaguzi unapokaribia. Tume imetangaza 10 Agosti 2027 kuwa siku ya Uchaguzi Mkuu. Hesabu mwenyewe.

Tatu, aliyehama ahamishe kituo mapema, na aende mwenyewe. Wala asijiandikishe mara mbili, hilo ni kosa la jinai.

Nne, daftari linapofunguliwa kukaguliwa, kwa siku 30, kagua jina lako, la mama yako, la bibi yako, na la jirani asiyejua kusoma.

Tano, na hili linatuhusu sisi hasa. Waislamu tunazika haraka, na ndiyo sunna. Lakini tukishazika tunasahau karatasi. Kifo hakikuandikishwa, cheti hakikuchukuliwa, basi jina linabaki. Ukaguzi wa daftari mwaka 2022 ulikuta karibu marehemu 246,000 wamo bado. Jina la marehemu lililobaki ni kishawishi kwa mwizi.

Nami nitubu mbele yenu. Mama alifariki 2023, cheti chake cha kifo nimekichukua baada ya miaka miwili. Alipokuwa hai hatukumkuta pale alipotakiwa kuwemo. Alipofariki nikamwacha pale asipotakiwa kuwemo tena. Mara zote mbili, aliyekuwa na wajibu ni mimi.

Basi leo usiku baada ya Tarawehe, kabla hujalala, muulize mzazi wako: "Mama, ulijiandikisha wapi?" Usikubali jibu la "hapo hapo tu." Mwambie akuonyeshe kipande, uandike namba, ukamkagulie.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na atujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.