Mitambo ya Maji na Stima: Nani Ana Ufunguo?

Mazungumzo kwa waendeshaji wa miradi ya maji, mafundi wa stima na wasimamizi wa vituo vya afya, Kaunti ya Nakuru



Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikazimika, mashine nyingine zikalemewa na mzigo, na zaidi ya megawati 180 zikapotea. Kwa saa kadhaa Kenya nzima ilikosa stima. Tumbili mwenyewe alinusurika, na wengi waliishia kucheka. Mafundi hawakucheka sana. Walijua kwamba mitambo ya nchi imeungana, na pigo la mahali pamoja husikika kila pembe. Ikiwa mnyama asiye na nia mbaya aliweza kufanya hivyo, mtu mwenye nia, muda na kompyuta anaweza kufanya nini?

Swali hilo linaihusu Nakuru kuliko kaunti nyingi. Olkaria, kule Naivasha, imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu mwaka wa 1981. Menengai nayo imeingia kazini. Bomba la mafuta linalotoka Nairobi kuelekea magharibi ya nchi linapita hapa. Maji mengi ya Jiji la Nakuru hutoka kwenye visima virefu kama vile vya Kabatini na Baharini, na kisima kirefu bila stima ni shimo tu. Stima ikipotea, pampu inasimama. Pampu ikisimama, tangi linakauka. Tangi likikauka, wadi ya kina mama kujifungua inakosa maji ya kunawa mikono.

Zamani mitambo hii ilikuwa na mlinzi mmoja: umbali. Aliyetaka kufunga valvu alilazimika kufika kwenye valvu. Leo kifaa cha kupimia kilicho ndani ya tangi hutuma habari kwa kompyuta ndogo iliyo kwenye sanduku la chuma ukutani. Kompyuta hiyo huamua: maji yamepungua, washa pampu, yamejaa, zima. Mara nyingi ndani ya sanduku kuna laini ya simu, ili fundi aliye mjini aone kinachoendelea bila kupanda pikipiki. Ni jambo jema, linaokoa mafuta na muda. Lakini njia anayopitia fundi, mwizi pia anaweza kuipitia.

Kompyuta ya ofisi ikidukuliwa, zinazopotea ni habari au fedha. Kompyuta ya pampu ikidukuliwa, kinachoharibika ni kitu cha kushikika: mota inaungua, bomba linapasuka, dawa ya maji inazidi kipimo.

Mifano ipo. Mwaka wa 2000, katika eneo la Maroochy nchini Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyoweka mitambo ya maji taka aliomba kazi kwa serikali ya mtaa, akanyimwa. Akitumia redio na kompyuta, aliamuru pampu zisimame na kumwaga maji taka. Takriban lita 800,000 ziliingia kwenye mito na bustani. Alifungwa miaka miwili. Hakuvunja kufuli lolote, kwa sababu aliijua mitambo ile kama anavyoijua nyumba yake.

Mwezi Desemba 2015, wadukuzi waliingia katika kampuni za usambazaji umeme nchini Ukraine. Walianza kwa barua pepe zenye viambatisho ambavyo wafanyakazi walivifungua. Miezi kadhaa baadaye waliwazimia stima wateja wapatao 225,000. Stima ilirudi baada ya saa chache, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: mafundi waliingia kwenye magari, wakaenda vituoni na kuwasha swichi kwa mikono. Walikuwa bado wanajua namna ya kufanya hivyo.

Mwezi Novemba 2023, mji mdogo wa Aliquippa, Pennsylvania, nchini Marekani, ulivamiwa kwenye kituo cha kusukuma maji. Mji huo haukuwa na ugomvi na mtu. Ulilengwa kwa sababu kifaa chake kilitengenezwa Israel. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba vifaa vya aina hiyo vilikuwa vikiachwa na neno siri lile lile la kiwandani. Hapo pia wafanyakazi walizima kifaa na kuendesha kituo kwa mikono.

Nyumbani nako kumeguswa. Tarehe 27 Julai 2023, mfumo wa eCitizen ulifurikwa na maombi ya uongo hadi ukalemewa. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulizi hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo, malipo ya simu yaliyumba, tiketi za treni zikasumbua, na watu wakashindwa kununua tokeni za stima. Hakuna jenereta iliyoguswa, lakini mwananchi alikaa gizani. Wakazi wa Johannesburg walipitia jambo kama hilo Julai 2019, wadukuzi walipofunga kompyuta za kampuni ya umeme ya jiji wakidai fidia.

Sasa, kazi ya kila kituo. Nyingi haihitaji bajeti.

Kwanza, andikeni orodha: vifaa gani vya kudhibiti vipo, vina laini gani, na nani anaweza kuvifikia akiwa mbali. Huwezi kulinda usichokijua.

Pili, badilisheni neno siri la kiwandani siku kifaa kinapowekwa. Kila mtu awe na lake, lisibandikwe ukutani.

Tatu, tenganisheni mitandao. Kompyuta ya kusomea barua pepe isiwe ndiyo inayoendesha pampu, na flashi ya nyimbo isichomekwe pale.

Nne, mkandarasi akimaliza kazi, aage kikamilifu. Maneno siri yabadilishwe, laini yake ifungwe, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hajalipwa. Vivyo hivyo kwa mfanyakazi anayehamishwa.

Tano, fanyeni zoezi. Angalau kila robo ya mwaka, zimeni kompyuta na mwendeshe kituo kwa mikono kwa saa chache. Katika miradi mingi mwenye kujua valvu ipi hufunguliwa kwanza ni mzee mmoja anayekaribia kustaafu. Akiondoka na ujuzi huo kichwani, hakuna programu itakayourudisha. Keti naye, andikeni, wekeni karatasi mahali pakavu.

Sita, ripotini. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inataka mashambulizi yaripotiwe ndani ya saa 24 kwa kamati ya kitaifa inayojulikana kama NC4. Wengine huficha kwa kuogopa lawama. Anayeficha humwachia jirani yake mlango wazi, kwani kifaa kilichovamiwa Molo huenda ndicho kilichowekwa Gilgil.

Sheria hiyo hiyo ni kali kwa wavamizi: anayeshambulia mfumo uliolindwa rasmi anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 25, kufungwa hadi miaka 20, au yote mawili. Lakini hukumu haijazi tangi. Anayelinda maji ya leo ni yule aliye kituoni.

Kwa hiyo kila kituo kinaombwa kuandika majina matatu wiki hii: nani ana neno siri, nani anaweza kuendesha mtambo kwa mikono, na nani atapigiwa simu saa nane usiku. Kituo kitakachokosa jina moja kati ya hayo kianzie hapo.