Mgonjwa, Mtabibu na Kidonge: Uzito wa Mazungumzo Katika Tiba ya Homeopathi

Miongoni mwa hoja zinazotolewa kuitetea tiba ya homeopathi, ipo moja ambayo imewavuta hata wasomi wasioiamini tiba hiyo, nayo ni kwamba majaribio ya kisayansi hayawezi kuihukumu, kwa sababu dawa, mtabibu na moyo wa mgonjwa ni kitu kimoja, na anayekitenganisha ili akipime huwa amekwisha kukiharibu kabla ya kukipima. Kwa hoja hiyo, mgonjwa anapopona sifa huiendea tiba nzima, na asipopona kasoro hutafutwa katika mtazamo wake: alikuja na shaka, au hakufunguka vya kutosha, au aliendelea kunywa kahawa aliyokatazwa. Mhadhara huu unadai kwamba hoja hiyo ni potofu katika sehemu yake ya kwanza na ina madhara katika sehemu yake ya pili, na kwamba uhusiano wa mtabibu na mgonjwa ni jambo kubwa mno kuachwa liwe ngao ya kidonge.

Misingi ya tiba yenyewe inajulikana na haihitaji kurudiwa kwa urefu. Ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa Meissen mwaka 1755 na kufariki Paris mwaka 1843, ambaye alishikilia kwamba kitu kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani kinaweza, kikitolewa kwa kiasi kidogo mno, kumwondolea mgonjwa dalili zinazofanana na hizo. Sehemu moja ya dawa huchanganywa na sehemu 99 za maji au alkoholi, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo huchanganywa tena vivyo hivyo, na kuendelea. Dawa iliyopitia hatua hiyo mara 30 haitarajiwi kubaki na hata molekuli moja ya kitu cha asili, kwa maana ukomo huo wa kikemia hufikiwa karibu na hatua ya 12. Uchambuzi wa majaribio 110 uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2005 uliona kwamba matokeo ya homeopathi yanalingana na ya plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa yoyote ambacho mgonjwa humeza akidhani ni dawa, na tathmini iliyotolewa na baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia mwaka 2015 ilifikia uamuzi wa namna hiyohiyo. Hayo yamesemwa sana. Lisilosemwa vya kutosha ni kwa nini, pamoja na hayo yote, wagonjwa wengi hutoka kwa mtabibu wa homeopathi wakiwa na nafuu ya kweli, na nafuu hiyo inatoka wapi.

Jibu linaanzia kwa Hahnemann mwenyewe. Katika Organon, kitabu chake kikuu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1810, zipo aya zinazoeleza namna ya kumhoji mgonjwa, na kwa msomaji wa leo hizo ndizo bora kuliko zote alizoandika. Mtabibu anatakiwa anyamaze na amwache mgonjwa aseme mpaka amalize, asimkatize isipokuwa anapotoka nje kabisa ya habari. Aandike maneno yaleyale aliyoyasikia, kila dalili katika mstari wake ili ibaki nafasi ya kuongezea. Awasikilize na jamaa wanaomuuguza. Asiulize swali la kujibiwa kwa ndiyo au hapana, kwa sababu swali kama hilo humwekea mgonjwa jibu kinywani. Kisha aulize habari za usingizi, kiu, hofu, hasira, jasho, na jinsi maumivu yanavyobadilika kwa baridi na kwa joto, asubuhi na usiku. Ikumbukwe kwamba zama hizo madaktari wengi wa Ulaya walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu na kuwanywesha zebaki, kwa hiyo mtu aliyekaa akasikiliza, akaandika na asidhuru, alikuwa amekwisha kuwatangulia wenzake kwa mbali. Majalada yake ya wagonjwa, yanayohifadhiwa Stuttgart, yanaonyesha pia kwamba mara nyingi, alipotaka kungoja na kutazama, aliwapa wagonjwa sukari tupu ya maziwa ili wale waliozoea kumeza kitu kila siku wasihangaike. Aliujua, basi, uwezo wa kidonge kitupu kinachotoka katika mkono unaoaminiwa, ingawa hakufika mahali pa kuuliza kama vidonge vyake vingine navyo vilikuwa vya aina hiyohiyo.

Sasa irudiwe hoja ya kutotenganishwa. Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba haipatani na hoja nyingine ambayo watetezi haohao huitoa, kwamba homeopathi huwaponya watoto wachanga na mifugo, viumbe wasio na imani wala shaka, na kwa hiyo haitegemei mtazamo wa anayetibiwa. Haiwezekani dawa ikawa haihitaji imani inapopewa ndama, kisha ikashindwa kwa mtu mzima kwa sababu hakuamini. Tena hoja ya mtoto na ndama haisimami hata ikiwa peke yake, kwa maana anayetoa habari kwamba mtoto amepata nafuu si mtoto, bali ni mama aliyeketi na mtabibu muda mrefu, akasikilizwa, akatoka ametulia, na sasa anaitazama homa ileile kwa macho mengine. Na mfugaji naye hali kadhalika. Mtazamo haukuondoka katika tiba hiyo. Umehamia kwa mwangalizi.

Udhaifu wa pili ni wa kimaadili, na kwa maoni ya mhadhiri ndio unaopaswa kukemewa zaidi, kwa kuwa unamgeuza mgonjwa kuwa mshtakiwa. Tiba ambayo mafanikio yake yote huandikwa kwa jina la dawa na kushindwa kwake kote kwa jina la mgonjwa haiwezi kamwe kujijua imekosea, na isiyoweza kujijua imekosea haiwezi kujirekebisha. Mwanamke mwenye maumivu ya viungo aliyetumia pesa zake na miezi yake, akatimiza kila alichoambiwa, halafu akaambiwa kwamba amejifunga mwenyewe ndani kwa ndani, anarudi nyumbani na maumivu aliyokwenda nayo pamoja na lawama ambayo hakwenda nayo. Kushughulika na mtazamo wa mgonjwa ni kazi ya mtabibu. Kuutumia mtazamo huo kama sababu ya kujiosha ni kuikimbia kazi hiyo.

Udhaifu wa tatu ndio unaoimaliza hoja yenyewe: jambo linalosemwa kwamba haliwezekani limekwisha kufanyika. Mwaka 2011, timu ya Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, iliyoongozwa na Sarah Brien na ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo George Lewith, daktari aliyejenga jina lake katika utafiti wa tiba mbadala na ambaye hawezi kuitwa adui wa tiba hizo, ilichapisha katika jarida la Rheumatology jaribio ambalo kwa ubora wa mpango wake linastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa tiba. Wagonjwa 83 wa baridi yabisi ya viungo, ile ambayo kinga ya mwili huvishambulia viungo vya mwili wenyewe, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matano, huku wakiendelea na matibabu yao ya kawaida ya hospitali. Makundi matatu yalipata mazungumzo kamili ya homeopathi katika kipindi cha wiki 24: la kwanza likapewa dawa iliyochaguliwa kwa kila mgonjwa peke yake, la pili mchanganyiko wa dawa za homeopathi ulioandaliwa kwa ugonjwa huo, na la tatu plasebo. Makundi mawili yaliyobaki hayakupata mazungumzo, moja likapewa mchanganyiko uleule na jingine plasebo.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba haukumnyang'anya mtabibu wa homeopathi chochote anachokithamini. Alikaa na mgonjwa wake kama alivyozoea, akamuuliza usingizi wake na hofu zake, akachagua dawa kwa kufuata kanuni zake, akajenga uhusiano wake wote. Kilichobadilishwa, bila yeye wala mgonjwa kujua, ni kile kilichokuwamo ndani ya kidonge tu. Kama kweli dawa na uhusiano ni mwili mmoja, kundi lililopata uhusiano pamoja na plasebo lingepaswa kubaki nyuma ya lile lililopata uhusiano pamoja na dawa. Halikubaki nyuma. Aina ya kidonge haikuleta tofauti yoyote, lakini wagonjwa waliopata mazungumzo, wawe walimeza dawa au plasebo, walipata nafuu kuliko wasioyapata: alama za ugonjwa zinazopimwa kwa kukagua viungo 28 zilishuka, maumivu yalipungua, huzuni ilipungua, na viungo vilivyovimba vilipungua kwa wastani wa takriban vitatu zaidi.

Haki inadai kwamba udhaifu wa jaribio hilo nao utajwe. Lilikuwa dogo, na ni wagonjwa 56 tu waliolimaliza. Vipimo viwili ambavyo watafiti walivitangaza mapema kuwa ndivyo vikuu havikuonyesha tofauti kati ya makundi, na nafuu iliyoelezwa ilionekana katika vipimo vya daraja la pili. Tena, ingawa kidonge kilifichwa, mazungumzo hayawezi kufichwa, kwa kuwa aliyesikilizwa anajua kwamba amesikilizwa. Msomi mkali anaweza kusema kwamba jaribio moja la namna hii halitoshi kujengea nyumba, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo, linatosha kabisa kubomolea ile iliyokwisha kujengwa, yaani dai la kutotenganishwa, na mhadhiri hajaona jibu lake lenye kuridhisha kutoka kwa watetezi wa dai hilo.

Mama mzazi wa mhadhiri aliugua viungo kwa miaka mingi, na kati ya watabibu wote waliomwona alimkumbuka mmoja hadi uzeeni, si kwa dawa yake, ambayo hata jina lake alilisahau, bali kwa sababu alimuuliza anapolala mkono wake huuweka wapi. Alisema kwamba hapo ndipo alipojua kuna mtu mwingine anayeufikiria mkono huo.

Utafiti mwingine unaonyesha kwamba ushuhuda kama huo si wa mtu mmoja. Ted Kaptchuk wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha mwaka 2008, katika jarida la tiba la Uingereza la BMJ, jaribio la wagonjwa 262 wenye maumivu sugu ya utumbo yasiyo na kidonda kinachoonekana. Kundi moja liliwekwa katika orodha ya kungoja. La pili lilipewa sindano bandia za tiba ya Kichina na mtabibu asiyezungumza nao zaidi ya dakika chache. La tatu lilipewa sindano bandia hizohizo na mtabibu aliyekaa nao dakika 45 mwanzoni, akauliza, akasikiliza, akaonyesha huruma na matumaini. Baada ya wiki tatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28 katika kundi la kwanza, 44 katika la pili na 62 katika la tatu. Sindano zilikuwa za bandia kwa wote; kilichoongezeka katika kundi la mwisho ni mtu.

Lakini mtu naye ana mpaka, na hapa ndipo wanaolitukuza neno la mtabibu wanapotakiwa kusimama. Mwaka 2011 watafiti wa Boston, Kaptchuk akiwa miongoni mwao, waliwapima wagonjwa wa pumu kwa dawa halisi ya kuvuta, kwa dawa bandia ya kuvuta, kwa sindano bandia na bila kitu chochote. Walipoulizwa wanavyojisikia, waliopata tiba bandia walisifu nafuu karibu sawa na waliopata dawa halisi. Lakini mashine ya kupima pumzi ilionyesha kwamba dawa halisi iliongeza nguvu ya pumzi kwa asilimia 20, wakati tiba bandia ziliiongeza kwa asilimia 7 tu, sawa na kutofanya lolote. Mgonjwa wa pumu anayejisikia nafuu huku njia zake za hewa zimebana yumo hatarini, na hatari yenyewe inakua kadiri anavyomwamini aliyemtuliza. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuonya mwaka 2009 kwamba homeopathi isitegemewe kutibu virusi vya ukimwi, kifua kikuu, malaria, mafua makali wala kuhara kwa watoto wachanga, maradhi ambayo Afrika Mashariki inayajua kwa majina ya waliokufa. Tanzania ilipata somo lake mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako maelfu kwa maelfu walipanga foleni kwa ajili ya kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kilichosemwa kuwa kinaponya hata ukimwi. Utulivu ambao wengi wao walirudi nao nyumbani haukuwa wa kujifanya, lakini utulivu haukuviondoa virusi katika damu ya mtu.

Baada ya kupimwa haya yote, mhadhiri anabaki na imani ambayo hoja za pande zote mbili hazijaitikisa: kusikiliza ni tendo la tiba, lina uzito wake na mipaka yake kama tendo lolote la tiba, na si mali ya homeopathi. Wanasayansi wanaoridhika kusema kwamba tiba hiyo ni plasebo tu, kisha wakafunga faili, wanaitupa sehemu ya pekee ya urithi wa Hahnemann iliyopita mtihani. Michael Balint, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi London, aliandika mwaka 1957 kwamba dawa inayotumika zaidi katika chumba cha daktari ni daktari mwenyewe, na akalalamika kwamba hakuna aliyefundishwa kipimo chake. Malalamiko hayo hayajajibiwa. Mapitio ya tafiti kutoka nchi 67, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalikuta kwamba wastani wa muda wa daktari na mgonjwa katika huduma za msingi ni kati ya sekunde 48, huko Bangladesh, na dakika 22 na nusu, huko Sweden, na kwamba nusu ya watu wa dunia huishi katika nchi ambako wastani huo ni dakika tano au chini yake. Mgonjwa aliyetoka katika foleni ya saa nne na kuonwa kwa dakika tatu, kisha akaenda kwa mtabibu wa mtaani anayempa saa nzima, hajafanya upumbavu. Amekwenda mahali palipokuwa na sehemu ya tiba aliyoikosa.

Kwa hiyo ombi la mhadhara huu linaelekezwa kwa vyuo vya udaktari, uuguzi na utabibu vya Afrika Mashariki, na kwa wizara zinazovisimamia. Namna ya kumhoji mgonjwa ifundishwe kwa miaka yote ya masomo na itahiniwe kitandani pa mgonjwa kwa alama zinazoweza kumfelisha mwanafunzi, sawasawa na famakolojia. Na ratiba za zahanati zipangwe ili mgonjwa wa ugonjwa sugu apate angalau ziara moja ndefu kwa mwaka, pamoja na dawa iliyothibitishwa, bila kuulizwa kama anaamini.