Msifunge Faili Mapema

Madaktari bingwa wapya wa watoto: hongereni sana.

Naomba niwazungumzie mtoto mtakayekutana naye siku moja. Ana miaka 9. Usiku haishi kuamka kunywa maji, ameanza tena kukojoa kitandani, na sare aliyoshonewa miaka miwili iliyopita bado inamtosha. Mkojo wake hauna sukari. Watu watamwambia mama yake kwamba mtoto anadeka. Ninyi msiseme hivyo.

Huenda kinga ya mwili wake inashambulia pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayosimamia ukuaji, balehe na maji ya mwilini. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1962 kutoka Glasgow, kwa mwanamke kijana aliyefariki. Kwa watoto ni nadra, ndiyo maana hutupita.

Pimeni sodiamu, ukolezi wa mkojo, kotisoli ya asubuhi na thairoksini. Msiridhike na TSH peke yake: pituitari ikidhoofika, TSH huweza kuonekana ya kawaida huku thairoksini imeshuka. Kotisoli ikipungua, tangulizeni haidrokotisoni kabla ya thairoksini. Mkipindua mpangilio huo, mnaweza kumpoteza mtoto.

Kisha MRI. Kikonyo cha pituitari kikionekana kimenenepa, bado hamjapata jina la ugonjwa. Inaweza kuwa kinga ya mwili, histiositosisi, kifua kikuu, au saratani iitwayo jeminoma. Tafuteni alama za uvimbe, AFP na beta-hCG, katika damu na katika maji ya uti wa mgongo. Hata zisipoonekana, rudieni MRI baada ya miezi michache, tena na tena, kwa sababu jeminoma huweza kujificha kwa miaka. Kusema "ni kinga tu" mapema ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote.

Wengi wenu mtapangiwa hospitali zisizo na MRI. Lakini kipimo cha urefu hakikosekani, wala mizani, wala kalamu. Nairobi imekuwa ikifundisha mabingwa wa homoni za watoto tangu 2008. Wapigieni simu, waulizeni bila haya.

Nendeni mkapime urefu wa kila mtoto na kuuandika. Waulizeni wazazi kuhusu kiu na mkojo. Na msipopata jibu, msimruhusu mtoto aondoke bila tarehe ya kurudi.