Bunduki Ikae Mikononi mwa Nani? Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa mji



Mmetuomba tuseme juu ya bunduki. Katika mikutano yetu vijana wamesimama mara nyingi na kuuliza: mwizi ana bunduki, mwasi ana bunduki, kwa nini baba wa nyumba akose haki ya kuwa nayo? Wengine wamejibu kwa hasira kwamba bunduki ni mali ya Leta tu, raia asiguse. Tumeona kelele imezidi maneno. Leo tuzungumze polepole.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa ya wakati ule yalitia sahihi mkataba mjini Bruxelles. Walisema wanataka kumaliza biashara ya watumwa, na ni kweli wauza watu walikuwa na bunduki nyingi. Jambo hilo hatulifichi. Lakini sikieni walivyoandika juu ya silaha. Walichora mstari kaskazini, digrii 20, na mwingine kusini, digrii 22, toka bahari ya magharibi mpaka bahari ya mashariki. Kongo yote imo ndani. Katika nchi hizo bunduki nzuri za kisasa zilikatazwa kuingia. Mwenyeji aliweza kuachiwa gobore la jiwe na baruti ya biashara, basi. Askari wa serikali hawakuguswa na katazo hilo. Mwindaji akabaki na gobore, na Leta ya Léopold ikabaki na bunduki za Albini.

Sisi watu wa Katanga tuliona matunda yake upesi. Kule Bunkeya alitawala Msiri, mtu aliyetoka upande wa Wanyamwezi, ambaye nguvu yake ilisimama juu ya shaba, pembe, na baruti iliyoletwa na wafanyabiashara wa mashariki na wa magharibi. Msiri hakuwa malaika, aliuza watu pia, na wazee wa makabila aliyoyashinda hawamlilii sana. Lakini alipokataa bendera ya Léopold, tarehe 20 Desemba 1891, ofisa Bodson alimpiga risasi akafa, na watu wa Msiri wakamwua Bodson palepale. Nchi ya shaba ikaingia mikononi mwa Bula Matari. Tangu siku ile, mwenye bunduki njema hapa ni yule aliyeletwa na wakubwa wa shaba au aliyewalinda.

Tena kulikuwa na jeshi lililoitwa Force Publique. Maofisa walikuwa wazungu, askari walikuwa sisi. Katika nchi za mpira wa msitu, askari alipewa masasi kwa hesabu, na aliporudi ilimpasa aonyeshe kwamba hakuyapoteza kwa kuwinda nyama. Ushuhuda aliotoa ulikuwa mkono wa mtu uliokatwa. Fikirini vizuri, ndugu. Kulikuwa na hesabu kali sana ya masasi, lakini ilikuwa hesabu ya tajiri juu ya mali yake. Mtu aliyekufa hakuwa na mstari wake katika daftari lile.

Na hapa Lubumbashi, wakati mji ukiitwa Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waligoma mwezi wa Desemba 1941. Ilikuwa vita ya Ulaya, shaba ilitakiwa sana, bei za sokoni zilipanda, na mshahara haukufuata. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira. Hawakuwa na bunduki. Askari walipiga, na makumi ya watu walikufa. Kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Wengi wenu mmesikia habari hii kwa babu zenu. Walioshika bunduki siku ile walikuwa Waafrika kama wao, wenye mama kama wao.

Sasa kijana mmoja aliinua mkono juma lililopita, akasema: Marekani ni haki, imeandikwa. Ndiyo, imeandikwa tangu mwaka 1791 katika nyongeza ya pili ya katiba yao, na mwaka 2008 baraza lao kubwa la hukumu lilisema haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja kwa kujilinda nyumbani. Tusome basi mpaka mwisho. Mwaka 1865, watumwa walipokwisha kufunguliwa, jimbo la Mississippi lilitunga sheria kwamba mweusi aliyeachwa huru asiwe na silaha bila ruhusa. Haki ilikuwa ileile katika karatasi, na mikono ilichaguliwa.

Tena wachimba makaa wa West Virginia. Habari yao inatuhusu sana sisi watu wa mgodi. Mwaka 1921 watu kama 10,000 walishika bunduki zao na kwenda mpaka mlima wa Blair kupigana na walinzi na polisi waliolipwa na wenye makampuni, sababu walikatazwa kuwa na sendika. Walikuwa na haki, walikuwa na bunduki, walikuwa na ujasiri. Jeshi la serikali lilipofika, waliweka silaha chini, wengi wakapelekwa mahakamani, na sendika yao kule ikadhoofika kwa miaka. Ilipata nguvu tena baada ya 1933, sheria ilipobadilika. Na leo je? Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa bunduki katika nchi ile, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Baba aliyenunua bunduki kwa ajili ya mwizi, mara nyingine ni mtoto wake aliyeikuta siku ya huzuni.

Turudi kwetu. Uhuru ulifika 30 Juni 1960, na katika jeshi la askari karibu 25,000 hakukuwa na ofisa mmoja Mkongo. Tarehe 5 Julai askari wakaasi. Tarehe 11 Katanga ikajitenga, na bunduki za kukodiwa zikaja toka nchi nyingi. Yaliyofuata mnayajua, hatuna haja ya kuyarudia hapa.

Katiba yetu ya 2006 ina maneno mawili ambayo lazima yasomwe pamoja. Kifungu cha 63 kinasema kila Mkongo ana haki na wajibu mtakatifu wa kulinda nchi mbele ya adui wa nje. Vijana wanakipenda sana kifungu hiki, hasa tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa mwaka 2025. Lakini kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake binafsi au kulisha vijana wenye silaha, na kinaita jambo hilo uhaini mkubwa. Wanaowagawia watoto wetu bunduki wanasoma cha kwanza kwa sauti na kuruka cha pili. Tunauliza: vita ikiisha, nani atakwenda nyumba kwa nyumba kuzirudisha? Mvulana aliyezoea kula kwa bunduki, nani atampa kazi?

Wala hatusemi raia anyamaze. Mwaka 2019 askari wa jeshi walipelekwa upande wa Kolwezi kuwaondoa wachimbaji katika machimbo. Bunduki ya vita mbele ya mtu mwenye koleo, hiyo hatuikubali, hata ikishikwa na mtu mwenye mukanda wa Leta. Kwa hiyo sisi tunasimama hivi: bunduki ya vita isitolewe kwa raia, na isiletwe mlangoni mwa mgodi. Gobore la mwindaji liandikwe bila hongo, maana sheria ya 1985 inadai ruhusa, na maskini anaombwa fedha mara mbili kwa karatasi moja. Mkataba uliokubaliwa Kinshasa mwaka 2010 unataka kila silaha itiwe alama. Alama hiyo iwe na maana. Askari alipwe kwa wakati, sababu askari mwenye njaa huuza masasi, na tunajua yanaishia wapi. Na kila mtu akifa kwa risasi ya Leta, hesabu itolewe hadharani, jina la aliyekufa na jina la aliyetoa amri.

Tunajua wako hapa wasiokubali. Yuko ndugu mmoja ambaye duka lake lilivunjwa usiku mara mbili, polisi wakafika asubuhi. Yeye ataanza kuuliza, tena aseme bila kuogopa. Baada yake mama wa kambi, kisha wazee. Maulizo yaandikwe kwa karani pale mezani.